Bima ya safari ya Schengen inayouzwa Malindi: kuinunua rahisi, rufaa yake kazi

Hapa Malindi, bima ya safari ya Schengen, zile nchi za Ulaya zenye viza moja, inapatikana haraka kama vocha ya simu. Unatoa pasipoti, unataja tarehe, unalipa, na cheti kinaingia kwenye barua pepe kabla hujamaliza chai. Cheti hicho kinakidhi sharti la viza: kinga isiyopungua yuro 30,000 ya matibabu ya dharura na gharama za kumrudisha mtu nyumbani, awe hai au maiti. Kwa kazi ya kupata viza, tunaipa nyota tano. Tunachokipima hapa ni kingine. Mama amekwenda Italia kumtembelea bintiye, ameugua, hospitali imetoa ankara, na klemu, yaani dai la kulipwa na bima, imekataliwa naye angali huko. Hapo nyota zinashuka mpaka tatu, na moja kati ya hizo tatu ni ya kuchuma mwenyewe kwa karatasi.

Kosa linaloua rufaa nyingi ni la anwani. Cheti huwa na majina mawili: kampuni ya bima ya Kenya, na kampuni ya msaada wa dharura, aghalabu iliyoko Ulaya, inayopokea simu usiku na mchana. Barua ya kukataa huja kutoka kwa hii ya pili, mistari minne tu, na familia humjibu aliyewaandikia. Lakini huyo ametumwa kazi. Mkataba ni kati yako na kampuni ya Kenya. Rufaa iandikwe kwa idara ya klemu ya kampuni ya Kenya, nakala kwa kampuni ya msaada na kwa wakala aliyekuuzia. Kama barua inasema tu kwamba ugonjwa "haumo kwenye bima", rufaa yako ya kwanza iwe ombi: namba ya kipengele kilichotumika, na ripoti ya daktari wao aliyeshauri hivyo. Dai pia kijitabu kizima cha masharti. Cheti cha ukurasa mmoja hakina kipengele hata kimoja cha kupigania, na mawakala wengi hawakupi kijitabu mpaka ukiulizie.

Sababu ya kukataa inayorudi mara kwa mara ni kwamba haikuwa dharura. Kitengo cha dharura cha hospitali za Italia, pronto soccorso, humpanga mgonjwa kwa rangi anapoingia: nyekundu, chungwa, samawati, kijani, nyeupe. Nyeupe maana yake si dharura, na msomaji wa klemu akiiona hufunga faili hapo hapo. Sasa angalia vizuri ile ripoti, verbale di pronto soccorso. Rangi ya kuingilia na ya kutokea zinaweza kutofautiana. Mtu aliyeingia na maumivu ya kifua akapewa chungwa, akapimwa moyo, akaonekana salama, anaweza kutoka na kijani au nyeupe. Jenga hoja yako juu ya rangi ya kuingilia, kwa sababu mgonjwa hukimbilia hospitali kwa dalili, hajui majibu ya vipimo ambavyo bado hajafanyiwa. Kama aliingia na nyeupe na akatoka na nyeupe, tusidanganyane: rufaa hiyo ni nyembamba.

Sababu ya pili ni ugonjwa wa zamani, na hapa pana mtego wa lugha. Daktari wa Italia huuliza historia ya mgonjwa, binti anatafsiri: "Ana presha siku nyingi." Kwenye faili, sehemu ya anamnesi, yanaandikwa maneno mawili, ipertensione nota, yaani presha inayojulikana. Maneno hayo mawili yanatosha kukataliwa hata kama mama alilazwa kwa nyonga iliyovunjika bafuni. Dawa yake ni karatasi mbili. Moja kutoka kwa daktari wake wa Malindi: presha iligunduliwa lini, anatumia dawa gani, vipimo vya mwisho kabla ya safari vilikuwaje. Nyingine kutoka kwa daktari aliyemtibu Italia, ikieleza chanzo cha tukio lenyewe. Kuteleza bafuni si presha. Nimonia si presha. Kiharusi, hapo kweli hoja ni ngumu, na kinachobaki ni kutafuta kama kijitabu kinalipia angalau huduma ya kwanza ya kuokoa maisha.

Kabla ya yote hayo, omba nakala ya fomu ya maombi ya bima. Fomu hizi hujazwa haraka haraka, wakala akipiga tiki "hapana" kwenye swali la maradhi bila kumuuliza msafiri. Kama swali liliulizwa na jibu likawa la uongo, kampuni ina silaha kubwa. Kama halikuulizwa kabisa, silaha ni yako.

Mgonjwa akilazwa, karatasi ya kuruhusiwa kutoka hospitali peke yake haitoshi. Chukua faili kamili, cartella clinica. Sheria ya Italia namba 24 ya mwaka 2017 inaitaka hospitali itoe nyaraka za mgonjwa ndani ya siku 7 tangu zinapoombwa. Mgonjwa akiwa keshapanda ndege, jamaa aliyebaki huichukua kwa barua ya idhini iliyosainiwa pamoja na nakala ya pasipoti. Ni nafuu sana kuliko kuifuatilia kutoka huku.

Malalamiko ya tatu ya kampuni: "Hamkutupigia ndani ya muda." Picha ya orodha ya simu zilizopigwa inasaidia, lakini sauti ya simu hiyo iliyorekodiwa na kampuni ya msaada ni bora. Chini ya Sheria ya Kulinda Data ya Kenya ya 2019 una haki ya kupata taarifa zako zilizohifadhiwa, na kampuni ya msaada ikiwa ndani ya Umoja wa Ulaya, kanuni zao zinaipa mwezi mmoja kujibu ombi kama hilo, bila malipo. Familia chache huitumia haki hii, na ndiyo inayonyamazisha ubishi upesi zaidi.

Mambo madogo yanayokwamisha. Ankara si risiti. Ambatanisha uthibitisho wa malipo, na kama kadi iliyolipa ni ya binti, aandike barua fupi kwamba alilipa kwa niaba ya mamake. Tafsiri iwe ya mtafsiri mwenye mhuri. Malindi imejaa wanaozungumza Kiitaliano tangu enzi za kituo cha anga za juu cha San Marco, lakini rafiki wa ufukweni, hata awe fasaha vipi, hana mhuri. Na usitegemee mhuri wa pasipoti kuthibitisha tarehe ya kuingia: tangu 12 Oktoba 2025 nchi za Schengen zilianza kusajili wasafiri kidijitali badala ya kugonga mihuri. Bodingi pasi usiitupe.

Kampuni ikishikilia msimamo, peleka malalamiko kwa Mamlaka ya Kudhibiti Bima, IRA. Ni bure, huhitaji wakili, na kampuni iliyokuwa kimya kwako hulazimika kueleza kwa maandishi kwa nini haijalipa. Nyota nne. Peleka barua ya kukataliwa, rufaa yako, jibu lao, na ukurasa mmoja wa tarehe kwa mfuatano. Ila IRA husimamia kampuni zenye leseni ya Kenya. Aliyenunua mtandaoni kwa kampuni ya Italia huipa kampuni siku 45 za kujibu, kisha huenda IVASS, mamlaka ya bima ya Italia. Wa Uingereza husubiri jibu la mwisho la kampuni hadi wiki 8, na tangu jibu hilo ana miezi 6 ya kufika kwa Financial Ombudsman Service, msuluhishi wa malalamiko ya fedha.

Rufaa ikikubaliwa, soma hesabu kabla ya kusaini kwamba umeridhika. Makato ya mwanzo, yaani sehemu ya gharama unayobeba mwenyewe, yakatwe mara moja kwa tukio moja, si kwa kila risiti, isipokuwa kijitabu kiseme hivyo. Uliza pia ni kiwango cha yuro cha siku gani kilichotumika kugeuza shilingi: cha siku uliyolipa hospitali, au cha siku waliyoamua kulipa wao.