Sudocrem kwa upele wa pampasi, mimi naikubali

Kina mama wa Unguja mnaoulizana kila siku dawa ya mtoto aliyechubuka na pampasi, mie nasema Sudocrem, ile krimu ya kikopo cha kijivu, nimenunua duka la dawa Darajani na bei inapishana duka na duka kwa hiyo ulizia kwanza. Ndani mna zinki oksaidi asilimia 15.25 na hiyo ndo yenye kazi, inakaa juu ya ngozi inazuia mkojo na choo visifike pale palipochubuka. Upele wenyewe si unatokana na hayo hayo, majimaji kukaa muda mrefu, pampasi kusugua, na joto letu hili la kaskazi ndo basi tena, akiharisha au akiwa kwenye dozi ya antibaotiki unazidi.

Wangu alikuwa mwekundu makalioni ukimtia maji tu analia, nimempaka usiku asubuhi wekundu umeshapungua, alhamdulillah.

Lakini jamani usipake juu ya ngozi iliyorowa. Muoshe na maji ya vuguvugu, waipsi zenye manukato ziache mpaka apone, mkaushe kwa kumgusagusa na kanga kuukuu laini, usimsugue, muache wazi kidogo mkekani apigwe na upepo ndo upake, nyembamba tu. Pampasi usingoje ijae, akijisaidia toa hapo hapo. Poda sizitaki kabisa, mtoto anaivuta inaingia kifuani.

Sasa ukiona wekundu mkali umeingia mpaka kwenye mikunjo ya mapaja na vipele vidogo vidogo pembeni, hiyo huwa fangasi na zinki haiitibu, daktari atampa ya fangasi kama clotrimazole. Kuna duka jengine nilipewa tyubu yenye steroidi, dawa kali ya kutuliza uvimbe na wekundu, eti "paka tu itaondoka", nikaikataa pale pale, hizo zinakondesha ngozi ya mtoto na ndani ya pampasi ndo zinapenya zaidi. Someni tyubu wallahi, mkiona betamethasone au clobetasol, ndo steroidi hizo, msipake bila ya daktari. Na akiwa na homa, malengelenge, usaha, au siku tatu zimepita hana nafuu, mpelekeni hospitali.

Nyota nne. Ya tano nimeizuia kwa vile ina lanolini, mafuta ya manyoya ya kondoo, na wapo watoto ngozi zao haziipendi, mjaribu kidogo pajani kwanza.