Shule ya kata ya huku kwetu, nyota 3 kati ya 5

Dogo kamaliza form four hapa, kapata div two (daraja la pili) ya pointi 19, nimefurahi sana maana pointi chache ndo bora na div one inaishia 17 kwahiyo kakosa kidogo tu. Walimu wa arts wako vizuri, history na kiswahili wanafundisha mpaka jioni, ila hesabu jamani, muda mrefu hawakuwa na mwalimu, yaani F zimejaa na kwa NECTA (baraza la mitihani) F ni chini ya 30! Ada hakuna tangu 2016 sawa, ila michango ya uji na mitihani ya majaribio ipo. Mkileta mtoto hapa mtafutieni tuisheni ya hesabu mapema, msisubiri mock ya mkoa iwaumbue.