Viza za kufanyia kazi ugenini: ipi uombe kwanza

Hizi ni viza za kukaa nchi nyingine huku ukifanya kazi kwa mtandao kwa mwajiri au wateja walio nje ya nchi hiyo. Wengi huanza kwa kuuliza kipato kinachotakiwa. Anza na mkataba wako: aliyeajiriwa na anayejitegemea hawapiti mlango mmoja.

Nafasi ya kwanza tunaipa Mauritius. Premium Visa yao haina ada, ni ya mwaka mmoja na huongezwa, na kipato kinachotakiwa ni dola 1,500 za Marekani kwa mwezi. Maombi hufanywa mtandaoni. Sharti kuu ni fedha zitoke nje ya nchi hiyo. Usiguse kibarua cha huko.

Ya pili ni Hispania, ingawa kwa anayetaka kuhamia moja kwa moja ndiyo ya kwanza, kwani baada ya miaka 5 ya ukaazi unaweza kuomba wa kudumu. Onyesha kipato mara mbili ya kima cha chini cha mshahara cha huko. Ukiombea ubalozini unapata mwaka mmoja. Ukiombea ndani ya nchi ukiwa umeingia kihalali, hadi mitatu. Kampuni unayoifanyia kazi iwe na umri wa angalau mwaka mmoja, nawe uwe nayo kwa miezi 3. Maombi mengi hukwamia kwenye hifadhi ya jamii: mwajiriwa hudaiwa hati ya kuthibitisha kwamba bado anachangiwa kwao, na nchi isiyo na makubaliano na Hispania haiwezi kuitoa. Njia nyepesi ni mkataba wa kujitegemea, kisha ujisajili kwenye hifadhi ya jamii ya Hispania. Ila wateja wa Hispania wasizidi asilimia 20 ya kazi yako. Ukikaa zaidi ya siku 183 kwa mwaka, kodi inakuhusu.

Ureno, kwa viza yake iitwayo D8, hudai mara nne ya kima chake cha chini. Ghali zaidi, basi.

Mwenye kipato cha kupanda na kushuka aitazame Thailand: viza yake iitwayo DTV huangalia akiba, baht 500,000, si mshahara. Ni ya miaka 5, siku 180 kila unapoingia, na huombwa ukiwa nje ya nchi.

Kroatia haitozi kodi kipato chako cha nje, lakini muda ukiisha unasubiri miezi 6 kabla ya kuomba tena. Barbados tunaiweka mkiani: kipato cha dola 50,000 za Marekani kwa mwaka, na ada ya 2,000 juu yake.

Cheti cha tabia njema kiombe mwisho, tafsiri na mihuri ikiwa imeshapangiwa tarehe. Muda wake ukiisha kikiwa mezani, unaanza upya.