Kura ya MCA kutoka Amu mpaka kisiwani Pate: uzoefu wangu

Mi nafanya kazi Amu (Lamu) mjini, duka la dawa, lakini kura yangu iko kijijini kwetu kisiwa cha Pate na tarehe 9 Agosti 2022, uchaguzi mkuu wa Kenya, nilienda kuipiga huko huko. Wenzangu kazini walinishangaa, si ungehamisha hapa tu, unapiga asubuhi alafu unaingia kazini. Kuhamisha kweli si vigumu, ukitaka ni uombe mapema, isipungue siku 90 kabla ya uchaguzi. Mi sikutaka.

Jumatatu nikapanda boti, limejaa watu, magunia, kuku, na nauli ishapanda kwa sababu kila mtu anarudi kwao. Tulichelewa kidogo tu kutoka lakini kwa wanaojua njia ya Mkanda, ule mlango mwembamba wa maji kati ya kisiwa cha Manda na bara, hicho kidogo ndio kila kitu, tulipofika katikati maji yashatoka tukapwelewa, boti limekaa juu ya tope, mikoko huku na huku, nahodha anasukuma kwa pondo mpaka jasho lamtoka na boti halendi. Kuzunguka nje ya Manda na upepo ule wa kusi wa Agosti hakuna aliyethubutu kusema. Tukakaa kama masaa matatu tukingoja yajae. Mama mmoja akafungua kikapu akatugawia mahamri, na mazungumzo yote mle ndani yalikua ya MCA, yaani mwakilishi wa wadi, nani kafanya nini, nani hajaonekana tangu 2017, ya urais hata sikuyasikia sana.

Tumefika kwetu usiku na maji bado hayajakaribia nyumba, ikabidi tushuke topeni, viatu mkononi, tochi ya simu mdomoni. Na hapo ndipo ilipo sababu yangu. Mwaka mmoja kabla ya hapo dadangu alishikwa na uchungu usiku maji yakiwa makavu ivo ivo, wanaume wanne wakambeba kwa kiti cha plastiki, tope mpaka magotini, kumfikisha kwenye boti. Mimi ndo nilikua nimeshika tochi. Alhamdulillahi yeye na mtoto wazima. Lakini tangu siku ile mtu akiniambia kura ya MCA ni kura ndogo namwambia katiba ya 2010 imezitaja feri na magati kua ni kazi ya kaunti, zahanati ni kaunti, chekechea ni kaunti, na bajeti yake yapitishwa na bunge la kaunti ambako anaekaa kwa niaba yetu ni MCA. Kwa hio ile njia ya tope iko kwenye karatasi ile ya MCA, ya mwisho katika sita tunazopewa.

Siku yenyewe vituo vyafunguliwa saa kumi na mbili asubuhi, mi na bibi tulikua nje tangu baada ya swala ya alfajiri. Bibi haoni vizuri na miguu yamsumbua. Laini ilikua moja tu, wazee na vijana pamoja, mpaka nikamfuata karani mlangoni nikamwambia kwa adabu wazee na wajawazito wana haki ya kutangulizwa, na kweli akawatoa mbele wote, lakini nisingesema sijui wangekaa mpaka saa ngapi.

Ndani kuna ile mashine ya alama za vidole. Bibi amesuka mikeka maisha yake yote, vidole vyake ni laini kama karatasi, mistari imekwisha. Karani akakipangusa kidole gumba kwa kitambaa, wapi, akajaribu cha shahada, wapi, cha mkono wa pili, wapi. Bibi akaanza kutetemeka akadhani anarudishwa nyumbani. Nawaambia wenye wazee wasiogope hapo, karani aliingiza namba ya kitambulisho, picha yake ikatokea, ikajazwa fomu ajenti wa wagombea wakishuhudia, akapewa karatasi zake sita kama watu wote.

Nami nilikubaliwa kumsaidia kibandani lakini kwanza wanakuapisha na unajaza fomu kwamba hutatoa siri yake, na unaruhusiwa mtu mmoja tu. Jirani yetu mzee akanambia na mimi mwanangu, nikamwambia siwezi mama, akasaidiwa na msimamizi wa kituo mbele ya ajenti.

Sasa kibandani nimeshika kalamu, nimeanza na karatasi ya rais kwa sababu ndio iliyokua juu, bibi akanizuia mkono. "Anza na wa hapa. Huyo ndiye ntakaemuona." Nikaichomoa ya MCA kutoka chini tukaanza nayo. Kwenye masanduku pia nendeni pole pole, kila sanduku lina kifuniko cha rangi yake, rais nyeupe, gavana buluu, ukitia karatasi kwenye sanduku lisilo lake haihesabiwi. Bibi alitaka kuzitia zote pamoja, tukazitoa moja moja.

Alafu kuna jambo laniuma. Mwana wa ami yangu yuko London, na Uingereza wanawaruhusu raia wa Jumuiya ya Madola wanaoishi kule kihalali kupiga kura zao, basi Mei 2022 yeye alimchagua diwani wa mtaa wake kwa posta. Alinitumia picha, karatasi iko mezani jikoni karibu na kikombe cha chai, unaweka alama, unaitia kwenye bahasha A, hio bahasha unaitia ndani ya B pamoja na fomu yenye sahihi na tarehe yako ya kuzaliwa, unapeleka posta. Miezi mitatu baadae akaenda ubalozini kwetu akampigia rais wa Kenya. Lakini MCA wa kijiji alichozaliwa, ambako mamake mzazi angali akishuka topeni, hawezi, sisi kura ya posta hatuna na walio nje wanapiga ya urais peke yake. Alinipigia simu usiku ule akaniuliza nani kashinda wadi, sauti yake nilijua amelia.

Nikipima yote natoa nyota nne kwa tano. Makarani walikua na heshima, kura zilihesabiwa pale pale kituoni na fomu ya matokeo ikabandikwa mlangoni, niliisoma kwa macho yangu. Nyota moja nimeizuia kwa ile laini ya wazee, na kwa hawa wetu walio mbali.

Niliempigia hakushinda. Kikao cha maoni ya bajeti kilipoitishwa nilienda ivo ivo, nikasimama nikasema habari ya kiti cha plastiki, ikaandikwa. Kura ijayo ni tarehe 10 Agosti 2027, Jumanne. Bibi ashaniagiza safari hii nije Jumamosi, nisingoje boti la Jumatatu.