Tenacious Tape kwenye jaketi lililochanika: usibandike kabla hujakata kona!

Habari zenu wapendwa, karibuni tena. Hapa mezani kuna jaketi la mvua la mtumba, kama yale yanayojaa soko la Memorial pale Moshi. Kiwiko kimechanika kwa umbo la L, kama sentimita nne hivi. Dawa yake ni hii: Tenacious Tape ya Gear Aid. Ni mkanda wa nailoni wa kukatia viraka, una gundi yake, hautaki pasi wala sindano. Rangi na vipimo utavisoma kwenye pakiti, mimi nataka tufike kwenye kona.

Ila kwanza usafi. Futa sehemu yote kwa kitambaa chenye spiriti, acha ikauke kabisa. Jasho, mafuta ya mwili na ile dawa ya kuzuia maji iliyopakwa juu ya kitambaa, vyote vinaizuia gundi isikamate. Ukiruka hatua hii, usije kulaumu mkanda.

Sasa kutaneni na adui: kona ya mraba. Sogeza kamera... hapo. Kiraka chenye kona kali, kila mkono wa begi ukipita unaikwangua ile ncha. Ncha inanyanyuka kidogo, vumbi linaingia chini yake, na gundi ikishashika vumbi haishiki tena kitambaa. Kesho inanyanyuka zaidi. Kwa hiyo chukua sarafu ya shilingi 200, iweke kwenye kona ya kiraka, zungushia kalamu, kata kwa mkasi mkali. Kona zote nne. Tazama sasa, nasugua na mkanda wa begi, mbele, nyuma, mbele, nyuma. Hakuna pa kushika! Hili ndilo jambo ninalotaka uondoke nalo, hata kama utatumia kiraka cha kampuni nyingine.

Kiraka kizidi mchaniko sentimita mbili kila upande. Laza jaketi juu ya ubao, kutanisha kingo za mchaniko, na kwa ndani zishike kwa soltepu ya muda. Menya karatasi ya nyuma sentimita moja tu, bandika, kisha vuta iliyobaki huku kidole kikisukuma hewa itoke. Halafu mgongo wa kijiko, sugua kwa nguvu dakika nzima, hasa pembeni. Geuza, toa soltepu, weka kiraka cha pili kwa ndani. Kiwiko kinakunjwa kila saa, upande mmoja hautoshi. Usifue kabla ya saa 24, gundi bado inazidi kukamata.

Jaketi lililojazwa manyoya ya ndege ndani ni hivyohivyo, ila kiraka cha nje tu. Na unyoya ukichungulia, usiuvute! Utatoka na wenzake. Urudishe ndani kwa kidole.

Najua kuna watu watasema, si nimpelekee fundi cherehani? Flisi na suruali ya turubai, peleka, uzi ndio mwenyewe. Jaketi la mvua hapana, kila tundu la sindano linapitisha maji. Kama limeshashonwa, paka Seam Grip, gundi ya kuziba mishono, kwa ndani juu ya mshono, liache usiku kucha. Super glue ndiyo inaniudhi kuliko zote: inakauka ngumu, ukikunja inapasuka, na kitambaa kinachanika pembeni yake. Ule mkanda mpana wa kijivu, duct tape, unafaa mlimani kwa dharura, lakini ukishuka ubandue mapema, kabla jua halijaiyeyusha gundi ikabaki inanatanata.

Bei? Marekani ni chini ya dola 10, kinachoumiza ni usafiri. Agizeni watu kadhaa pamoja, mkanda mmoja unatoa viraka vingi.

Haifai wapi? Kitambaa chenye silikoni, gundi hii ya kawaida haikamati. Na jaketi ambalo ngozi ya ndani inabanduka vipandevipande au imekuwa ya kunata, hilo utando wake umeshaoza, hakuna kiraka kitakachozuia maji. Ukiwa sokoni geuza jaketi ndani nje, pitisha kidole mabegani, ndipo uulize bei.

Video ijayo ni zipu zinazoachia katikati. Jiungeni na chaneli, na kwenye maoni andikeni zipu yenu ni ya plastiki au ya chuma, nijue nianze na ipi.