Dizeli ya plastiki: nimeitia kwenye jahazi, haya ndo nloyaona

Nlinunua dumu la lita 20 la haya mafuta yanayopikwa kutokana na taka za plastiki, kwa fundi mmoja hapa hapa Amu, yaani Lamu (jina lake nalihifadhi), shilingi 30 chini ya bei ya sheli kwa kila lita. Mimi nna jahazi la kubeba mchanga na mawe, mashine yake dizeli ya silinda moja, na mafuta ndo yananimaliza. Sasa mtu akikwambia taka zile zile zinazojaa ufuoni wakati wa kusi zaweza kuendesha mashine, utakataa vipi?

Inawaka, hilo nalisema wazi. Siku ya kwanza mashine iliitika bila tabu, ilikuwa inagonga kidogo na moshi mweusi na harufu ya plastiki iliyoungua, lakini ilivuta mzigo mpaka Matondoni na kurudi.

Siku ya tatu tukaenda Pate na simiti. Katikati ya Mkanda, ule mkondo mwembamba wa mikoko, mashine ikaanza kukohoa, ikazima, na maji yashaanza kupwa, na wanaoijua Mkanda wanajua pale maji yakitoka hupiti. Kufungua filta nakuta kitu cha manjano kizito kinanata vidoleni kama samli iliyoganda. Ni nta. Tukashika pondo karibu saa nzima, mikoko huku na huku, kijana wangu ananambia "Ami, leo twalala hapa." Tulitoka kwa rehema za Mungu tu.

Nkarudi kwa fundi, si kwa ugomvi, nlitaka kuelewa. Akanikaribisha akanionyesha kila kitu na kwa hilo namshukuru. Ni pipa la chuma limefungwa hewa isiingie, chini kuni, plastiki ikifika kama digrii 400 inageuka mvuke, mvuke unapita kwenye bomba lililozamishwa maji baridi, unatoka mafuta. Ile gesi isiyogeuka mafuta anaiachia hewani, na ingerudishwa chini ya pipa ingempunguzia kuni. Nlikaa naye upishi mmoja mwanzo mpaka mwisho: kilo 10 za plastiki, lita 6 za mafuta, na rundo la kuni la kutosha kupika pilau ya harusi. Hapo ndo hesabu ilianza kunikataa.

Alafu anachouza hakijatenganishwa, yaani ndani mna petroli mna dizeli mna nta, vyote pamoja. Nlichovya kitambaa nikasogeza kiberiti, kikashika hata njiti haijagusa, dizeli ya sheli haifanyi hivo. Kitu hicho nikiweke chini ya sitaha, na mabaharia wanapika na mkaa pale pale juu? Wallahi siweki.

Na hiyo plastiki anayotia ndo iliyonitisha zaidi, manake nliona chupa za soda na vipande vya mabomba ya PVC. PVC ikipikwa inatoa asidi ya hidrokloriki, inakula pipa, inakula mashine, na mpishi anaivuta kifuani. Chupa za soda nazo hazitoi mafuta ya maana, zinaacha unga unaoziba bomba. Zinazotoa mafuta mazuri ni dumu, ndoo, vifuniko, na hizo ndo zenye kazi nyingine bora. Si ni mafundi wa hapa hapa Amu waliounda Flipflopi, jahazi la mita 9, plastiki kama tani 10, likavishwa ndara 30,000, likang'oa nanga Januari 2019 mpaka Unguja? Dumu likiwa ubao linakaa miaka na miaka, likiwa mafuta linaisha sijafika hata Mokowe hapo ng'ambo.

Kwa hivo kwa mashine za baharini, na upishi huu wa pipa, mimi nasema hapana. Ningeielewa kama wangepika yale makaratasi ya plastiki machafu yaliyojaa mchanga ambayo hakuna anayeyanunua, mifuko ilipigwa marufuku toka Agosti 2017 lakini paketi za mkate na za maziwa bado zipo kila kichochoro na punda wetu wanazila wanakufa nazo, inauma sana kumuona punda tumbo limevimba hivo. Mafuta yake yakachomwe kwenye tanuri lenye bomba refu la moshi, mbali na nyumba za watu. Kwenye injekta ya mashine hapana.

Nampa 2 kwa 5, na zote ni za uaminifu wake, manake alinirudishia nusu ya pesa bila kusukumana. Nimemwambia siku akipata kipimajoto na mtambo wa kuyatenganisha mafuta aniite, ntakuja na dumu langu mwenyewe. Kwa sasa nimebadilisha filta mbili, nimeosha tangi, na zile lita 9 zilizobaki ziko uani kivulini, mbali na jiko.