Nimelala Siku Mbili Kwenye Nyumba Niliyokulia, Kiponda

Nyumba hii ya wageni ipo Kiponda, Mji Mkongwe, Unguja. Jina silitaji, kwa kuwa nina malalamiko nayo na wenyewe nimeshawaeleza ana kwa ana. Nilichukua chumba cha ghorofa ya pili, shilingi 140,000 kwa usiku pamoja na chai ya asubuhi. Chumba chenyewe nakijua. Tulikaa humo watu 7, wazazi na watoto, kuanzia 1974 hadi 1990.

Haikuwa nyumba yetu. Ilikuwa miongoni mwa majumba yaliyochukuliwa na serikali baada ya Mapinduzi ya 1964, wakaingizwa wapangaji, familia moja chumba kimoja, kisima na choo ni vya wote. Mwenyewe wa asili alichongesha mwaka juu ya mlango, 1310 wa Hijria, na marehemu mama alikuwa akitusomesha tarakimu za Kiarabu kwa mlango huo.

Kilichonirudisha ni Beit al-Ajaib. Jumba lile la 1883, tulilokuwa tukikimbilia kivuli chake tukitoka Forodhani, liliporomoka upande wa mbele tarehe 25 Desemba 2020, likiwa kwenye matengenezo, na watu 2 wakafa. Nilikuwa Dar. Usiku ule sikulala, nawaza ukuta wa upande wa kitanda cha mama, uliokuwa ukitoa unga mweupe kila masika. Hata hivyo miaka ilipita kabla sijapanda boti.

Mlango ulikuwa wazi, nami nikapiga hodi. Kijana wa mapokezi akainuka: "Shikamoo mama, karibu ndani." Nikaitikia marahaba, miguu ikakataa kuvuka kizingiti. Nilimkumbuka bibi mmoja aliyesimama papo hapo mwaka 1986, ametoka Maskati, amevaa buibui la zamani. Alimwomba mama ruhusa ya kuangalia tu. Mama akampandisha chumbani kwetu, akampa maji ya mtungini. Bibi yule aliweka kiganja ukutani, akakaa hivyo muda mrefu, akashukuru, akaondoka. Mimi nilikasirika, niliona kaja kutudai nyumba. Sasa nimekuja mimi, na kijana ananiletea maji kwenye trei.

Chumba ni kizuri, nasema kweli. Kirefu na chembamba kama vyumba vyote vya mji huu, maana upana wake hupimwa na boriti ya mkoko, nayo haivuki sana mita 3. Nililala chali nikazihesabu, kama nilivyokuwa nikifanya utotoni nikiugua homa: 19. Zilikuwa 19 na zimebaki 19, ila 6 ni mpya, rangi yake bado haijaiva. Waliozibadilisha wamefuata idadi na nafasi zilezile, na kwa hilo nawapa heshima zote. Vidaka vya ukutani wameviacha. Kimoja kina taa, zamani ndimo ulipokaa msahafu wa baba.

Lalamiko langu kubwa ni ukuta wa chini, karibu na ngazi. Wameupiga lipu ya saruji. Mjomba wangu alikuwa fundi wa majumba haya, akichanganya chokaa, mchanga na udongo mwekundu, na chokaa yake aliiloweka wiki kadhaa kabla ya kuigusa. Alitufundisha kwamba jiwe la matumbawe hunywa maji kutoka chini na lazima liyatoe. Chokaa huyapitisha, saruji huyafungia ndani. Ukuta ule umeshavimba, chumvi inachungulia kwenye nyufa, na ukiugonga kwa kidole unalia mvungu. Mgeni asiyejua ataona rangi nzuri tu. Mimi niliona kile kile nilichokihofia Dar.

Jingine ni dogo: maji ya moto yalikatika asubuhi ya pili, na ilichukua karibu saa nzima kurudi.

Chai ya asubuhi, siku ya kwanza waliniletea boflo, siagi na jemu, wakidhani ndicho mgeni anachotaka. Nikamwambia mpishi, mwanangu, mimi ni mtu wa hapa. Kesho yake nikakuta mkate wa ufuta wa moto, maharage ya nazi na chai ya mkandaa yenye tangawizi. Aliuliza nilikaa chumba gani. Nilipomwambia, akaniita jikoni: pale palipo friji ndipo kilipokuwa kisima. Kimefunikwa kwa zege. Nikamwonyesha jiwe la pembeni lenye mfereji uliochimbwa na kamba za ndoo, bado lipo, wameliegemeza mlangoni kuzuia upepo. Hakuwa akijua ni la nini. Nilikaa nalo kidogo, nikapitisha vidole kwenye mfereji ule. Mmojawapo wa mikono iliyouchimba ni wangu.

Ukienda, omba chumba cha ghorofa ya pili upande wa mashariki, adhana ya alfajiri inaingia vizuri na jua linakuja taratibu. Nao wenye nyumba nimewaachia namba ya fundi wa chokaa, mwanafunzi wa mjomba. Masika ni Machi. Saruji ile ibanduliwe kabla ya hapo.